Miwani ya uhalisia pepe katika somo la mawasiliano: uchambuzi baada ya muhula mmoja

Hamjambo, watazamaji wapenzi, na karibuni. Kifaa hiki nilichokishika ni miwani ya uhalisia pepe, yaani ile inayofunika macho na kumfanya mvaaji ajione yuko mahali palipotengenezwa kwa kompyuta. Ni aina ya Meta Quest 3S, ambayo nimeitumia muhula mzima kufundishia stadi za mawasiliano katika chuo kimoja cha jamii upande wa Eastlands, hapa Nairobi. Wengi wenu ni wakufunzi, na mmekuwa mkiniuliza iwapo chuo ambacho karo yake hailipwi kwa wakati kinafaa kununua kitu cha namna hii. Jibu langu ni ndiyo, lakini vinunuliwe vifaa viwili tu, na pesa zitakazosalia zitumiwe kwa jambo nitakalolieleza baadaye, kwa sababu miwani yenyewe ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Uzito wote uko katika watu ambao mwanafunzi anawakuta humo ndani.

Niwaeleze kwanza hali ya darasa langu. Katika mtaala unaozingatia umahiri, mawasiliano ni somo la msingi kwa kila anayesomea kazi ya mikono, awe fundi umeme, mshonaji au mpishi, na umahiri huo hupimwa kwa kutenda. Mimi nina wanafunzi 34 na kipindi kimoja cha saa mbili kwa wiki. Nikimpa kila mmoja dakika tatu tu za kuzungumza mbele ya wenzake, dakika 102 zimekwisha, na bado sijafundisha neno. Aliyekosea hana nafasi ya kurudia hadi wiki ijayo, na wiki hiyo nzima anakumbuka kicheko cha darasa kuliko anavyokumbuka maelezo yangu.

Hapo ndipo kifaa hiki kinapofaa, na kinafaa kweli. Tuliondoa viti vibovu katika stoo iliyo kando ya maktaba, tukaweka kiti kimoja imara na meza. Mwanafunzi huingia peke yake, huvaa miwani, na ghafla anajikuta mbele ya jopo la mahojiano ya kazi, au nyuma ya meza ya mapokezi, au jukwaani mbele ya ukumbi uliojaa watu. Akiharibu, hubonyeza na kuanza upya. Katika nusu saa anaweza kurudia mahojiano yale yale mara tano bila mtu yeyote kumcheka.

Mtu anaweza kuuliza kama woga wa mbele ya vikaragosi vya kompyuta ni woga wa kweli. Mwaka wa 2002, David-Paul Pertaub, Mel Slater na Chris Barker wa University College London walichapisha utafiti ambapo watu 40 waliwahutubia wasikilizaji wa aina tatu waliotengenezwa kwa kompyuta: waliotulia bila kuonyesha hisia, waliochangamka, na waliochukia. Wale waliochukia waliwatia wazungumzaji wasiwasi, ingawa kila mmoja alijua kwamba hakukuwa na mtu mle ukumbini. Mimi nilisadiki nilipomtazama kijana mmoja wa ufundi wa magari, mrefu, mwenye sauti nzito, ambaye kabla ya kujibu swali la kwanza alifuta viganja vyake kwenye ovaroli, mkono mmoja kisha mwingine, kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Alipofika jaribio la nne mikono ilikuwa imetulia magotini.

Sasa nije kwenye programu iliyokuwa ndani ya miwani. Imetengenezwa na kampuni ya ng'ambo, nasi tuliitumia kwa leseni ya majaribio, kwa hiyo sitaitaja jina. Baada ya kila zoezi hutoa alama: kasi ya kuzungumza, maneno ya kujazia, na kile inachokiita kutazamana na msikilizaji. Msichana mmoja anayesomea ushonaji, ambaye darasani humsikii mpaka uinamie dawati lake, alijibu maswali ya mahojiano kwa ufasaha ulionishangaza. Alieleza jinsi anavyompima mteja mnene bila kumwaibisha, jibu ambalo mwenye duka yeyote wa Biashara Street angelifurahia. Hata hivyo programu ilimpa alama ya chini kabisa ya kutazamana. Akavua miwani, akaniambia: "Mwalimu, yule ni mzee wa rika la babu yangu. Nitamkodolea macho aje?"

Niliamua kuichunguza alama hiyo. Miwani hii haina kamera za kufuatilia macho. Inachojua ni upande ambao kichwa kimeelekea. Nikaivaa mwenyewe, nikakiweka kichwa sawa mbele ya mzee yule yule, kisha nikafumba macho tangu swali la kwanza hadi la mwisho. Nilipewa alama ya juu. Nawaomba wakufunzi wenzangu mlizingatie jambo hili, kwa sababu mwanafunzi huamini namba iliyotoka kwenye mashine kuliko anavyokuamini wewe, na yule msichana alikuwa karibu kwenda nyumbani akiamini kwamba heshima aliyofunzwa na mama yake ni kosa la kimawasiliano.

Sikuwaambia wanafunzi kwamba programu imekosea, basi tuendelee. Ofisini Westlands au Upper Hill, mhojaji anaweza kweli kumdhania anayeinamisha macho kuwa anaficha jambo. Kwa hiyo tuliketi, tukajadili ni wakati gani wa kumtazama mtu mzima usoni, kwa muda gani, na ni wakati gani wa kushusha macho kidogo huku sauti ikibaki imara. Mjadala ule ulikula kipindi kizima, na katika miaka yangu ya kufundisha ni vichache vilivyonipa furaha kama hicho. Chanzo chake kilikuwa miwani, nami nataka kuipa haki yake, ila mazungumzo yenyewe yalifanywa na watu walioketi pamoja.

Kasoro ya pili ni ya lugha. Programu ile husikia Kiingereza peke yake. Inahesabu mtu akisema "aam", lakini haijui "yaani", haijui "nanii", haijui ile "eeh" tunayoivuta tukitafuta neno. Kijana mmoja alijibu kwa Kiingereza huku akichomeka "yaani" karibu kila sentensi, na programu ikamsifu kwa ufasaha. Zaidi ya hayo, mteja wa kweli wa Nairobi huanza kwa Kiswahili, akikasirika huingia Sheng, na akitaka kukuonyesha kwamba anazijua haki zake humalizia kwa Kiingereza. Mtu wa mapokezi lazima aamue amfuate hadi wapi na abaki wapi. Hiyo ndiyo stadi yenyewe ninayolipwa kuifundisha, na hakuna kikaragosi hata kimoja kilichoniuliza swali hilo.

Mtasikia wauzaji wakitaja ripoti ya PwC, kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu na ushauri, ya mwaka wa 2020, iliyosema kwamba waliofundishwa kwa uhalisia pepe walimaliza mafunzo kwa kasi ya hadi mara nne kuliko waliokuwa darasani. Ripoti hiyo ipo, na si ya kupuuzwa. Lakini waliofundishwa walikuwa mameneja wapya wa kampuni hiyo hiyo huko Marekani, na gharama ililingana na ya darasa walipofikia wanafunzi 375. Muuzaji akikutajia mara nne, muulize pia kuhusu hao 375.

Hapa sasa ndipo penye lile jambo nililowaahidi, la kutumia pesa zitakazosalia: kurekodi video zenu wenyewe. Tuliazima kamera ya digrii 360, inayorekodi pande zote kwa wakati mmoja, na kurekodi matukio yetu wenyewe kwenye meza ya mapokezi ya chuo. Mfanyakazi mwenzetu mmoja aliigiza mzazi aliyekuja na risiti ya karo ambayo haijaonekana kwenye hesabu, akaingia akiwa amepandisha sauti tangu mlangoni. Mara ya kwanza tuliiweka kamera juu mno, na yule mzazi, ambaye ni mtu wa miraba minne, akaonekana kama mtoto anayelalamikia peremende. Tukaishusha hadi usawa wa macho ya mtu aliyeketi, na hapo akawa mzazi hasa. Video ya namna hii ina mipaka: huwezi kusogea ndani yake, unaweza tu kugeuza kichwa, wala mzazi hajibu ulichosema. Tulimwelekeza tu anyamaze sekunde kumi na tano baada ya kila lalamiko, ili mwanafunzi apate nafasi ya kuzungumza.

Kimya kile kilifanya kazi kuliko alama zote. Picha ilirushwa kwenye runinga ya darasa kupitia mtandao wa chuo, wenzake wakaona anachokiona aliyevaa miwani. Jaribio la kwanza, wengi walianza kujitetea: "Si sisi, ni benki." Baadaye msichana wangu wa ushonaji alisema, kwa sauti ambayo safari hii ilisikika hadi dawati la mwisho: "Pole sana, mzee wangu. Hebu keti kwanza, tuiangalie risiti yako pamoja." Mzazi wa kwenye video akaendelea kufoka kama alivyorekodiwa, lakini darasa zima lilikuwa limenyamaza, na mmoja akauliza ni kwa nini ameanza na pole kabla ya kujua nani mwenye makosa. Tulipata mengi ya kusema.

Kuhusu kifaa chenyewe sitakawia. Kilipotoka Oktoba 2024, bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 299.99 kwa hifadhi ya gigabaiti 128, yaani kama shilingi 38,700 kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, kabla ya usafirishaji na ushuru. Kina uzito wa gramu 514, na shingo huanza kuusikia baada ya robo saa, kwa hiyo mimi humpa mtu dakika kumi na tano, kisha apumzike. Betri hukaa kama saa mbili na nusu, jambo lililotusaidia siku ambazo stima ilipotea katikati ya kipindi. Lenzi zina nafasi tatu za kuzisogeza kulingana na umbali kati ya macho. Mfundisheni kila mwanafunzi kufanya hivyo, la sivyo atasema picha ina ukungu na mtadhani kifaa ni kibovu. Wenye rasta na misuko mikubwa hufungua ukanda wote kabla ya kuvaa, na wanaovaa hijabu huupitisha ukanda juu ya kitambaa bila shida yoyote. Pangusa sehemu inayogusa uso kila anapobadilika mtumiaji. Na tafadhali msiiache dirishani: jua likipenya kwenye lenzi huchoma skrini ndani ya muda mfupi, na doa hilo halitoki.

Limebaki suala la sauti za wanafunzi. Programu niliyoieleza hurekodi kila jibu na kulipeleka kwenye mitambo iliyo nje ya nchi. Sauti ya mtu ni data yake, na tangu mwaka wa 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data hapa Kenya, kwa hiyo tuliandika fomu ya idhini kwa Kiswahili kinachoeleweka, tukaisoma pamoja darasani, na kumwambia kila mmoja kwamba kukataa hakutampunguzia alama. Wawili walikataa. Hao walifanya mazoezi yao yote kwa video za mapokezi tulizozirekodi wenyewe, ambazo hazitumi chochote popote, na walipofanyiwa mtihani wa vitendo mbele ya mtahini aliyekuja kutoka nje, sikuona tofauti yoyote kati yao na wale 32 waliobaki.