Programu ya kupanga vituo vya mzigo: imeshindwa na Ngamiani

Nasambaza mikate hapa Tanga kwa kirikuu. Vituo ni vingi: maduka, hoteli za chai, mama lishe, na kila mmoja anataka mkate ufike kwake kabla ya kwa mwenzake. Nilipoona tangazo la programu inayopanga vituo vyote kwa setilaiti, nikalipia ya mwezi siku ile ile. Mwanzoni nilikuwa tayari kuipa nyota zote tano. Leo naipa moja, na hiyo moja yenyewe naitoa kwa shingo upande.

Haki yake niiseme kwanza. Vituo kumi tu vinaweza kupangika kwa namna 3,628,800, na mimi nina zaidi ya kumi. Hakuna kichwa cha dereva kinachoweza kuzipitia zote hizo saa kumi alfajiri. Wengi tunakwenda kwa mazoea, au kwa yule mwenye maneno makali kuliko wote. Programu ilinipangia nimalize Ngamiani yote, nivuke reli niingie mjini, nifike Raskazone, nirudi na Chumbageni, ndipo nishike njia ya Kange mpaka Pongwe. Mafuta yalipungua, niliona mwenyewe pale sheli. Hilo silifuti.

Sasa sikilizeni kilichotokea juzi kati. Nilipata mteja mpya, mama mmoja mtu mzima mwenye hoteli ya chai Barabara ya Saba, hapa hapa Ngamiani. Wateja wake ni wanaotoka swala ya alfajiri na vijana wa bodaboda, kwa hiyo mkate ukichelewa kwake hauna kazi tena. Nikaandika anwani yake kama inavyoitwa, Barabara ya Saba, nikabonyeza ipange. Ikapanga. Mzigo ushapakiwa, gari linanguruma, naangalia muda wa kufika kituo cha mwisho naona ni usiku. Usiku! Mikate ya asubuhi! Nikafungua ramani yote, kumbe imeichukua Barabara ya Saba ya Dodoma. Kweli Dodoma nako barabara zina namba, lakini vituo vyote vingine viko Tanga, simu iko Tanga, na gari liko Tanga. Programu iliyotengenezwa kwa kazi ya kupanga vituo inaonaje sawa kumtoa muuza mikate Makorora impeleke Dodoma na kumrudisha Pongwe?

Nikafuta kituo kile. Ikapanga vyote upya na kuvuruga mpangilio wangu wa kila siku, Ngamiani ikawa mwisho. Nikairekebisha, ikavuruga tena. Nilipofika kwa yule mama jua limetoka. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniambia, "Mwanangu, watu wameshakunywa chai kwa mihogo, wameondoka." Akachukua mikate michache kwa kunionea huruma. Nilijisikia vibaya siku nzima.

Hapo bado nilikuwa na nyota tatu mkononi. Mashine hukosea. Kilichonimaliza ni simu.

Nilipiga huduma kwa wateja, wako Dar. Akapokea kijana, nikamweleza taratibu kabisa. Jibu lake la kwanza: "Kaka, hiyo Ngamiani ni kijiji?" Ngamiani! Sehemu ya mji iliyopimwa barabara zikafuatana kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata mgeni aliyeshuka kwenye basi leo akijua kuhesabu hapotei. Nikanyamaza, nikamweleza tena. Akasema labda setilaiti zilisumbuliwa na mawingu.

Hapa ndipo hasira ilinipanda. Mawingu hayaizuii GPS, yaani ule mfumo wa setilaiti unaoiwezesha simu kujua iko wapi, mawimbi yake yanapenya. Setilaiti zile ziko juu kama kilomita 20,000, kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo, basi. Simu ikizipata nne inapiga hesabu na kujua iko wapi, tena bila bando. Na yangu ilijua: kile kidoti cha bluu kilikuwa kimesimama mlangoni pa kiwanda cha mikate, hakijatikisika. Setilaiti haijui mama anauzia chai wapi. Hilo ni la kwenye orodha ya anwani, na orodha ni ya kampuni. Kosa liko ofisini kwao, wanalisingizia mbingu.

Nilipomwambia hivyo akajibu, "Mfumo hauna shida, shida ni anwani zenu." Zenu! Mwaka 2022 nchi nzima ilifanyiwa operesheni ya anwani za makazi, kabla ya sensa ya Agosti. Nyumba zikapewa namba, mitaa ikawekewa vibao. Anwani tunazo. Wao ndio hawajaziingiza, halafu wanatusimanga sisi. Na lugha ile ya kumkatia mtu mzima sentensi, hela yake umeshaipokea, mimi kwetu sikulelewa hivyo.

Kwa anayeuliza kama ailipie: ukiwa na vituo vitano sita vya pale mjini, usilipe, unavijua. Ukiwa na vingi, na vingine viko Amboni au Pongwe, itakusaidia, nasema kwa kinywa kipana. Ila usiandike anwani kwenye kile kisanduku. Mwambie mteja akutumie lokesheni, au ukifika kwake mara ya kwanza weka alama mwenyewe kwenye ramani ukiwa umesimama mlangoni. Na ukiruka kituo kwa sababu duka limefungwa, kifute hapo hapo, maana haitaacha kukuambia ugeuze gari urudi.

Nilisema moja. Kwa mafuta niliyookoa, programu yenyewe ingestahili tatu. Lakini namkumbuka yule mama na mihogo yake, namkumbuka na yule kijana, nabaki pale pale kwenye moja. Mwezi niliolipia ukiisha siongezi. Wakiingiza zile namba za nyumba za Ngamiani na kumwondoa yule kijana kwenye simu, nalipia mwaka mzima siku hiyo hiyo.