Projekta ndogo ya nyumbani baada ya kujaribiwa uani, Ngamiani

Projekta ndogo nyeupe, mashine za kumulika filamu ukutani, zile zenye umbo la kopo lililolazwa juu ya kishikio kinachozunguka, zimejaa madukani na kwenye matangazo ya simu, na bei yake kwa sasa ni chini ya bei ya televisheni nyingi mpya. Yangu iliagizwa Kariakoo kwa fedha isiyofika laki mbili, ikasafiri kwa basi na kupokelewa stendi ya Kange ikiwa salama ndani ya boksi lake. Nimeitumia masika na nimeitumia kipupwe, kwa hiyo ninayoyaandika hapa si maneno ya mtu aliyefurahia kitu kipya wiki ya kwanza. Picha yake ni ya wastani, sauti yake ni mbovu, na maelezo yaliyochapishwa kwenye boksi lake hayaaminiki. Hata hivyo ningeinunua tena, kwa sababu ambazo zinatokana zaidi na namna nyumba yetu ilivyobadilika kuliko na ufundi wa mashine yenyewe.

Mabadiliko hayo ni ya kawaida, yanayozipata nyumba nyingi. Baada ya baba kufariki, mama alihama Pangani akaja kuishi nasi hapa Ngamiani, Tanga. Binti yetu mkubwa yuko chuoni Dodoma, na mimi mwenyewe nimeacha kazi ya ofisini, ninashona nyumbani. Nyumba iliyozoea kukutana usiku kwa ajili ya kula na kulala tu sasa ina watu mchana kutwa, na jioni ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi: kijana na simu yake chumbani, baba watoto na taarifa ya habari sebuleni, na mama peke yake uani kwenye mkeka, kwa kuwa sebule yetu ina joto na macho yake hayawezi tena skrini ya simu. Tulihitaji kitu cha kutazamwa kule kule uani, kikubwa kiasi cha kuonwa na mtu wa miaka sabini na kitu, na televisheni ya sebuleni haiwezi kubebwa kila jioni kupelekwa kwenye upepo na kurudishwa.

Nianze na boksi, kwa maana ndilo linalowapoteza wanunuzi. Juu yake kumeandikwa maelfu ya lumeni, yaani kipimo cha mwanga, na pia kwamba mashine inakubali picha za 4K, yaani zenye ubora wa juu sana. Maneno yote mawili yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Kipimo cha lumeni kinachoheshimiwa ni kile kinachoitwa ANSI, ambacho mwanga wake hupimwa ukutani katika sehemu kadhaa za picha na kutafutiwa wastani. Kwa kipimo hicho projekta za daraja hili huwa na lumeni mia moja na kitu au mia mbili na kitu, basi. Ile namba kubwa ya kwenye boksi haifuati utaratibu wowote unaoweza kuhakikiwa. Kuhusu 4K, kukubali maana yake ni kwamba mashine hulisoma faili la ukubwa huo, kisha hulipunguza hadi kufikia uwezo wake halisi, ambao kwa hii yangu ni pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 1280 kwa 720. Muuzaji hakusema uongo, ila hakusema yote, na mteja asiyeuliza ubora halisi wa picha ataondoka akiamini amenunua sinema.

Ukishajua hayo, unaweza kuipangia kazi inayoiweza. Tulipoitandaza picha hadi inchi 100, ambayo ni takriban mita 2.2 kwa upana, nyuso za waigizaji zilipauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Tulipoisogeza karibu na ukuta hadi inchi 60, upana wa mita 1.3 hivi, mwanga ule ule ulikusanyika katika eneo dogo na picha ikang'aa karibu mara tatu zaidi. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kutokuwa na tamaa ya ukubwa. Mwanzoni tulitumia shuka jeupe lililofungwa kwenye kamba ya nguo, lakini upepo wa kusi huliinua na kulitikisa hata waigizaji wakawa wanapumua kwa matumbo. Ukuta uliopakwa chokaa ni bora mara nyingi. Muda nao una masharti yake. Jua la Tanga likishazama bado anga huwa na mwanga, na picha haionekani vizuri mpaka baada ya sala ya isha, wakati ambapo hata taa ya jirani inayomulika juu ya ukuta wa ua inabidi iombewe kuzimwa. Jirani yetu alikubali kuizima kwa sharti kwamba naye apewe nafasi mkekani.

Filamu ya kwanza iliyoupima vilivyo uwezo wa mashine hii ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Kisa chake kiko Zanzibar ya miaka ya 1950, siku za mwisho za ukoloni wa Waingereza: Yasmin, msichana wa Kihindi anayeikimbia ndoa aliyoozwa, na Denge, kijana wa harakati za uhuru. Ni filamu iliyopigwa kwa uangalifu mkubwa wa rangi na vivuli, na sehemu nyingi za maana hutokea usiku au katika vyumba vyenye mwanga hafifu. Hapo ndipo projekta dhaifu hujitangaza. Weusi wake si weusi bali ni kijivu, kwa kuwa ukuta hauwezi kuwa mweusi kuliko ulivyo pale mashine inapoumulika, na vitu vilivyomo gizani huyeyuka vyote pamoja. Mama, ambaye katika miaka hiyo ya kisa alikuwa mtoto mdogo na aliyekuwa akiifuatilia lahaja ya Unguja kwa raha, aliniuliza katikati ya tukio la usiku, "Huyo aliyeingia ni nani, mwanangu? Mimi naona kanzu tu." Kuongeza mng'ao kwenye mipangilio hakukusaidia, kulileta ukungu. Mtu anayependa filamu za namna hii, ambazo mpiga picha wake amefikiria kila kivuli, asitegemee kuziona kwa haki kupitia mashine ya bei hii.

Kwa upande mwingine, Binti ya Seko Shamte, yenye visa vya wanawake wanne wa Dar es Salaam, ilipendeza sana ukutani, kwani nyumba zake zina mwanga na kamera hukaa karibu na nyuso. Tatizo lilikuwa kuifikisha ukutani. Filamu hiyo tuliikuta Netflix, huduma ya filamu za kulipia mtandaoni, ambako tuna akaunti inayolipwa na binti yetu. Tulipojaribu kurusha picha ya simu kwenda kwenye projekta bila waya, sauti ilitoka vizuri, ukuta ukabaki mweusi. Hilo si hitilafu. Huduma za filamu za kulipia huzuia picha isinakiliwe na kifaa kisichoidhinishwa, na projekta nyingi za bei nafuu hazina idhini hiyo, hata kama alama ya huduma imewekwa kwenye skrini yake ya mwanzo ili kumvutia mteja. Ufumbuzi ni kununua kifaa kidogo cha televisheni kilichoidhinishwa, kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI, na gharama yake iongezwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Bando nalo lihesabiwe. Filamu moja ndefu yenye ubora mzuri inaweza kumaliza gigabaiti mbili au zaidi, na ndiyo maana nyumbani kwetu flashi bado ina heshima yake.

Flashi nayo ina mambo yake. Mashine yangu husoma flashi zilizoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti nne, kwa hiyo filamu ndefu yenye ubora wa juu hukataliwa hata kama flashi ina nafasi tele. Jingine lililotuudhi zaidi lilitukuta kwenye Sholay, filamu ya Kihindi ya mwaka 1975 iliyoongozwa na Ramesh Sippy, ambayo mama aliiomba kwa jina. Picha ilikuja, Amitabh Bachchan na Dharmendra wakapita na pikipiki yao yenye kigari cha pembeni, midomo ikiimba, na uani kukawa kimya kabisa. Sauti ya faili lile ilikuwa imefungwa kwa mfumo wa Dolby, ambao hutumiwa kwa leseni, na watengenezaji wa projekta za bei ya chini mara nyingi hawailipii. Kijana wetu alilibadilisha faili kwa kompyuta siku ya pili. Usiku ule wa kwanza, hata hivyo, mama hakukubali tuzime. Yeye filamu za Kihindi alianza kuzitazama sinema ya Majestic hapa mjini, enzi ambazo mtu alivaa vizuri kwenda kutazama picha, na wimbo ule anaujua. Akauimba mwenyewe, maneno mengine akiyabuni, na jirani akaitikia.

Sauti ya mashine ikiwepo pia haitoshi. Spika yake ndogo iko nyuma, na feni ya kupooza taa huvuma muda wote, kwa hiyo mazungumzo ya chini hupotea. Jambo la kuchekesha ni kwamba filamu za kigeni zilizotafsiriwa kwa sauti, zile ambazo mtafsiri mmoja husema maneno ya wahusika wote huku akitia na maoni yake, zinasikika vizuri kuliko filamu nyingine zote, maana sauti hiyo imerekodiwa juu ya kila kitu. Kwa zilizobaki inafaa kuunganisha redio au spika ya nje, na iunganishwe kwa waya. Tulipotumia Bluetooth, maneno yalichelewa nyuma ya midomo kwa kiasi kidogo ambacho kijana hakukijali na mimi sikuweza kukivumilia.

Umeme si wa kuogopa. Kwa wati zilizoandikwa kwenye adapta yake, filamu ya saa tatu haifiki robo ya uniti moja ya LUKU. Vumbi na wadudu ndio maadui halisi. Kioo cha ndani hakikuzibwa barabara, na tayari kuna doa jeusi la vumbi pembeni mwa picha ambalo haliwezi kufutwa kwa nje. Masika, kumbikumbi huufuata mwanga hadi kwenye lenzi. Tumejifunza kuifunika kwa kitambaa mara inapopoa, na kutoiacha uani usiku kwa ajili ya unyevu wa chumvi.

Pamoja na kasoro zote hizo, jioni zetu zimebadilika kwa namna ambayo televisheni ya sebuleni haikuweza kuzibadilisha. Picha ikiwa moja na iko uani, inabidi watu wakubaliane itakuwa picha gani, na mabishano ya kuchagua huanza tangu wakati wa kupika. Kijana hupendelea filamu za mapigano, na amegundua kwamba akitaka kura ya bibi yake lazima amsimulie kisa mapema, kwa sababu maandishi ya chini ya picha hawezi kuyasoma. Baba watoto husinzia kabla ya katikati, lakini husinzia akiwa nasi. Mimi huleta kazi ya kupinda pindo, kazi isiyohitaji macho mengi. Filamu ndefu tunazigawa kwa usiku mbili, jambo ambalo mashabiki wa kweli wa sinema watalilaani, ila kwa mtu anayeamka alfajiri haliepukiki, na mchana wote wa katikati huwa na mazungumzo ya nini kitafuata. Simu bado zipo. Nisidanganye kwamba zimewekwa kabatini. Lakini mtu anayechezea simu gizani huharibu picha kwa mwanga wake, na mama humwambia waziwazi.

Ninayempendekezea mashine hii ni mtu mwenye ukuta mweupe, mahali panapoweza kuwa na giza, redio ya kuunganisha, na watu wa kukaa nao. Mwenye chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, au anayetaka kutazama mpira saa kumi jioni, anunue televisheni hata kama ni ya inchi 32, kwani projekta ya bei hii haishindani na mwanga wa mchana. Mwenye uwezo wa kungoja na kuongeza fedha atafute ile ambayo muuzaji wake anataja lumeni za ANSI na pikseli halisi 1920 kwa 1080. Tofauti yake huonekana hasa katika filamu zenye giza. Na popote utakaponunua, nenda na flashi yako yenye filamu unayoijua, umwombe muuzaji aiwashe pale pale dukani huku taa za duka zikiwaka, uisikilize feni kabla ya kuisikiliza spika, na uulize kama taa yake hubadilishwa. Ya kwangu haibadilishwi, imeunganishwa moja kwa moja na bodi ya ndani, na fundi niliyempelekea aitazame lile doa la vumbi aliniambia taa ikifa nisisumbuke kumrudishia.