Maktaba ya Kaloleni: peleka mtoto likizo hii

Nimetoka kupeleka watoto wa dadangu Maktaba ya Kaloleni, siku ya tatu mfululizo likizo hii ya Agosti, na wacha niandike sasa hivi furaha ikiwa bado moto. Kama unaishi Eastlands hapa Nairobi na mtoto wako anashinda kwa simu, mpeleke pale.

Mimi nililelewa hizi pande za Jogoo Road na likizo kwangu ilikuwa vitabu. Sio ati vilikuwa vingi, tulikuwa watu saba rumu moja, so nilikuwa napanda kitanda cha deka, ile ya juu, na kitabu cha kuazima kwa jirani, nashusha pazia na nikishaingia hapo sisikii mtu. Mamangu anaita mara tatu anitume mafuta ya taa, mara ya nne ndio nashtuka, na hata nikienda dukani kwa kichwa bado niko porini na majangili wananifuata. Harufu ya vitunguu ikianza ndio najua kumbe jua lilishatua. Stima ikipotea nasogelea koroboi mpaka nywele za mbele zinanuka moshi, na kitabu kikiisha naanza tena ukurasa wa kwanza juu hakuna kingine. Kuna kimoja nilinunuliwa mtumba barabarani, kufika mwisho napata kurasa zimeng'olewa, nililia kweli kweli, na hiyo hadithi mpaka leo huwa naimalizia mwenyewe, kila mara namna tofauti.

Sasa mtoto wa leo anaingia mahali anajichagulia kwa rafu, akimaliza anarudisha anachukua kingine, na hakuna wa kumtuma popote!

Kaloleni ni tawi la McMillan, ile maktaba ya mawe kule Banda Street karibu na msikiti wa Jamia, yenye simba wawili hapo nje. McMillan ilifunguliwa 1931 na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Guka, yaani babu yangu, alifanya kazi tao wakati huo na alichojua ni hao simba tu. Kaloleni nayo ni mtaa uliojengewa wafanyakazi Waafrika miaka ya 1940, kwa hivyo nikiona watoto wa hapo wameinamia vitabu kwa maktaba yao, koo linanibana. Walioifufua ni Book Bunk, shirika la Wanjiru Koinange na Angela Wachuka lililoanza 2017, pamoja na kaunti, na ile ya Makadara pia waliifanyia kazi. Wamefanya poa sana, Mungu awabariki.

Huyu wetu mdogo ana miaka nane. Jana alikaa na kitabu kimoja kutoka asubuhi mpaka mimi nikashikwa na njaa, nikamgusa bega nikamwambia twende tukale, akainua kidole kimoja bila kuinua macho, yaani auntie ngoja. Nikangoja. Nilikuwa nataka sana mtu angeningoja hivyo nikiwa rika lake.

Nyota tano. Mkitumia matatu za Jogoo Road shukeni City Stadium, kutoka hapo sio mbali, na mbebe kitu cha kula mkitoka. Sisi kesho tunarudi, amebakisha kurasa kumi na mbili na amekataa kata kata nimwambie vile zinaisha.