Programu ya picha inazima ukichomeka kamera? Tazama hiki kidude kwanza

Haya wadau, tupo hewani. Leo nina furaha na nina hasira, na vyote viwili viko juu ya meza hii. Furaha ni hiki kidude hapa: kadi rida, yaani kisoma kadi za kamera, ya plastiki, nyeusi, haina hata jina la kampuni. Hasira ni programu yangu ya kupanga na kuediti picha, ile ninayoilipia kila mwezi. Jina lake silitaji, sitaki kesi.

Kadi rida mnaijua, sitawasomea boksi. Tundu la SD, tundu la microSD, USB 3.0, basi. Twende kwenye kinachoniudhi.

Tazameni skrini. Nachomeka waya kwenye kamera, upande wa pili kwenye laptopu, nawasha kamera. Sasa sigusi kitu, mikono hii hapa juu. Umeona? Dirisha la kuingiza picha limefunguka lenyewe. Nani kaliita? Na likishafunguka, linaanza kutengeneza vipicha vidogo vya kila kilichomo kwenye kadi, hata vile ambavyo huna shida navyo. Vya mwanzo vinakuja... sawa, vinakuja. Ona hapa chini sasa, viboksi vya kijivu. Kijivu, kijivu, kijivu. Kale kaduara kanazunguka. Juu pameandikwa haijibu. Subirini... subirini... kwisha! Limeondoka dirisha na programu nzima. Hakuna ujumbe, hakuna samahani. Na hii ni kazi ya send-off, mama wa bi harusi ananipigia simu tangu asubuhi, anataka "hata mbili tatu tu baba, nirushe kwenye grupu".

Mtu akiona hivi anakimbilia kusema laptopu ndogo, ongeza RAM. Fundi naye anakwambia tupige Windows upya. Tulieni kwanza, msitoe hela.

Kamera ikiwa kwenye waya, kompyuta kwa kawaida haiioni kama flashi. Inawasiliana nayo kwa utaratibu unaoitwa PTP: programu inaomba faili, kamera inatoa, inaomba nyingine, inatoa. Mawasiliano yakikatika katikati, kuna programu zinazovumilia na kuna zinazokata roho. Na yanakatika kirahisi sana. Waya umelegea. Kamera imejizima yenyewe kuokoa betri wakati picha bado zinahama. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalishuku kabisa: programu mbili zinaing'ang'ania kamera moja. Unachomeka waya, Windows inaamka, programu ya waliotengeneza kamera inaamka, ile ya kuhifadhi picha mtandaoni nayo inataka zamu yake. Kama unatumia Windows, ingia kwenye mipangilio, tafuta AutoPlay, izime. Wa Mac, fungua Image Capture, chini kushoto pale unaiambia kamera ikichomekwa isifungue programu yoyote. Wa Linux mnajua wenyewe, mfumo unaidaka kamera kabla programu yenu ya picha, digiKam, haijaifikia.

Na wenye Canon za miaka ya nyuma zenye Wi-Fi: mara nyingi Wi-Fi ikiwa imewashwa, waya wa USB haufanyi kazi. Izime kwanza ndio uanze kulaumu watu.

Sasa kidude. Natoa kadi kwenye kamera. Hiki kiswichi kidogo cha pembeni ya kadi, sogeza kamera karibu... hiki hapa, nakishusha kwenye LOCK. Sasa kompyuta inasoma tu, haiandiki wala haifuti. Naichomeka kwenye kidude, kidude kwenye laptopu. Imekuja kama diski. Ndani kuna folda ya DCIM, karibu kila kamera inayo, ndani yake hii 100CANON. Sifungui ile programu ya hasira, hapana. Naikopi DCIM nzima, naibandika kwenye diski ya laptopu. Acha ihame, mimi naongea.

Kasi. USB 2.0 kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde, ila kwenye maisha ya kawaida ukipata megabaiti 35 shukuru. Kadi ya GB 32 iliyojaa ni robo saa hivi. Kidude hiki na kadi ya kawaida ya UHS-I, hilo ni daraja la kasi ya kadi, inayotoa megabaiti 90 kwa sekunde, ni dakika sita. Sharti ukichomeke kwenye tundu la USB 3.0, mara nyingi lina ulimi wa bluu ndani. Ukichomeka kwenye lile jeusi, usinilalamikie.

Bei? Kariakoo jamaa alianzia 25,000, tumemalizana 15,000. Zipo za elfu tano, na hizo ndizo nataka muwe nazo makini. Rida za kizamani zinaishia SDHC, yaani GB 32. Ukiweka kadi ya GB 64, ambayo ni SDXC, Windows inaweza kukwambia diski hii inahitaji kufomatiwa. Usikubali! Bonyeza ghairi, toa kadi, tafuta rida nyingine. Mara nyingi picha ziko salama, ni rida ndiyo haijui kuzisoma. Watu wanapoteza harusi za watu hapo.

Kasoro ya hiki kidude changu: tundu la microSD limelegea, ona inavyocheza. Na kifuniko kitapotea, hilo halina mjadala. Kinapata moto pia. Mwanzoni nilitaka kukipa tisa kwa kumi, kadiri ninavyokishika nashuka kwenye nane. Saba na nusu. Wenye kadi za drone, ambazo ni microSD, tafuteni kingine.

Kopi imeisha. Nafungua programu, naielekeza kwenye folda ya diski. Inaingiza... inaingiza... haijazima. Mmeona? Laptopu ileile, RAM ileile.

"Kaka, mimi nimefanya hivyo na bado inazima." Sawa, hapo shida si waya, kuna faili bovu. Panga folda kwa ukubwa. Hizi RAW zangu, yaani picha ghafi za kamera, zote zinacheza kwenye MB 25 hivi. Huyu hapa ana MB 3, na huyu 0 KB. Hao watuhumiwa, waweke folda ya pembeni, jaribu tena. Video pia zitenge, kuna wakati ni MP4 moja tu inayoangusha msafara wote.

Kama ukubwa wote uko sawa, gawa nusu kwa nusu. Nina picha 1,000, naingiza 500. Zimepita? Basi mchawi yuko kwenye 500 nyingine. Naingiza 250 za huko. Imezima? Yumo humo, nagawa tena. Ukienda hivyo, mara kumi tu umemshika mmoja kati ya elfu. Afadhali hivyo kuliko kufuta programu na kuiweka upya usiku kucha halafu faili ni lilelile.

Na kama kila RAW inagoma lakini JPEG zinapita, angalia umri wa programu yako. Canon walileta CR3, aina yao mpya ya RAW, mwaka 2018 na kamera ya M50. Darktable, programu ya kuediti RAW ambayo ni ya bure, ilianza kuzisoma toleo la 3.8, mwishoni mwa 2021. Programu ya zamani na kamera mpya haziendani. Sasisha, au pitisha faili kwenye kigeuzi cha Adobe kinachobadilisha RAW kuwa DNG, aina ya RAW inayosomwa na programu nyingi, hicho hakilipiwi. Na ukiniuliza kwa nini bado nalipia ile ya kila mwezi wakati darktable ipo... aisee, hata mimi najiuliza. Mazoea. Nitaifanyia video yake.

Mkishamaliza, kadi msiifomati mpaka picha ziwe sehemu mbili. Na fomati ndani ya kamera.

Wiki ijayo tunapima kadi feki, zile zilizoandikwa GB 256 ndani hamna kitu, tutatumia H2testw, programu ya kupima kadi, kwa hiyo kama unayo unayoishuku nitumie. Jiunge na chaneli kama bado. Na kwenye maoni, jamani, usiniandikie "kaka yangu inagoma nifanyeje". Andika kamera gani, waya au rida, Windows au Mac, na inazima ikifika kwenye faili gani. Nikipata hivyo vinne najibu leo leo, ila baada ya mama wa bi harusi.