Scarlett 2i2 kwa klabu ya muziki ya shule: tumeitumia mwaka mzima hapa Dodoma

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nafundisha Kiswahili ila klabu ya muziki nasimamia mimi, na walimu wenzangu wananiuliza sana tununue nini cha kurekodia watoto kwa kompyuta. Ngoja nieleze ya kwetu.

Kabla ya hii Scarlett, kifaa cha kuingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta, tulishapoteza hela. Wazazi walichanga, tukaenda duka moja tukauziwa miksa kubwa, muuzaji anasisitiza "ina USB kabisa mwalimu", tunafika shule tunachomeka kwenye kompyuta, kimya. Kumbe lile tundu la USB ni la flashi tu, la kupigia mp3, halipeleki sauti kwenye kompyuta hata kidogo. Kurudisha wakakataa. Iliniuma sana maana ile hela ni ya watu wanaouza karanga na zabibu barabarani. Kwahiyo ukienda dukani beba kompyuta yenu, chomeka palepale, ongea kwenye maiki, ukiona mawimbi yanacheza kwenye kioo ndo utoe hela.

Sasa hii Scarlett 2i2, yetu ni toleo la tatu. Ni saundi kadi ndogo nyekundu, matundu mawili ya maiki, inarekodi 24-bit, yaani kwa ubora wa juu. Nilichokipenda kwanza ni umeme: haina adapta, inakula umeme wa kompyuta kupitia waya uleule wa USB. Kwa shule zetu hilo linazidi wingi wa matundu. Umeme ukikatika katikati ya wimbo laptopu inaendelea na betri yake, kazi inaendelea, watoto hata hawashtuki. Wengi wanaitamani Behringer UMC404HD kwa sababu ina matundu manne, na ni mashine nzuri tu, ila inataka adapta yake ukutani, hapo kama hamna jenereta wala UPS (betri ya akiba) mjipange kwanza.

Kitu kingine, kila kitufe cha geini, yaani cha kuongeza na kupunguza sauti inayoingia, kimezungukwa na duara la taa. Kijani, sauti inaingia vizuri. Chungwa, inakaribia kujaa. Nyekundu, imeshapasuka. Siku tunarekodi muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kwa mara ya kwanza binti wa kidato cha pili kapiga ngoma mara moja tu duara likawa jekundu, mwenzake akanyoosha mkono akarudisha kitufe nyuma bila kuambiwa na mtu. Mimi geini nilikuwa sijawafundisha bado.

Mapungufu yapo. Tundu la hedifoni ni moja, inabidi mnunue kigawanyishi, la sivyo watoto wanagombania. Na matundu mawili maana yake sauti mbili tu kwa mpigo. Maprodusa watakwambia rekodi kila chombo peke yake halafu uunganishe, sawa, kwa bongo fleva inafaa, lakini muziki wa Kigogo hauko hivyo jamani. Anayeanzisha na wanaoitikia wanategeana, zeze linamsikiliza mwimbaji, ukiwatenganisha wimbo unakufa. Tulijaribu, ukatoka umepoa kabisa. Sasa tunafanya hivi: maiki mbili mbele, wote wanapiga pamoja, halafu napanga watu kwa umbali, zeze na ilimba (kile kisanduku chenye vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba) karibu kabisa, waimbaji nyuma yao kwa nusu duara, ngoma kule mlangoni. Ngoma ikizidi simgusi mtu wa kompyuta, namwambia mpigaji arudi hatua mbili. Tumetumia Jumamosi tatu kupata mpangilio na matokeo yake ni mazuri kuliko niliyoyatarajia.

Kwenye maiki ndo pa kuweka hela. Darasa letu lina bati juu na sementi chini, mwangwi wa kutosha. Maiki za kondensa zinataka umeme wa 48V, Scarlett inautoa, ila zinasikia kila kitu mpaka kunguru akitembea kwenye bati. Dainamiki kama Shure SM57 au SM58 inashika zaidi kilicho karibu yake, anzeni na hizo mbili. SM58 feki zimejaa, halisi ina gramu 298, kwahiyo omba mzani duka la jirani upime, nyepesi iache hapohapo. Sisi mwangwi tuliukimbia kwa kuhamia stoo ya vitabu, yale marundo ya vitabu yanameza sauti vizuri sana.

Programu msihangaike na za kuibia, zinaleta virusi. Audacity ni bure kabisa, kukata na kupanga inatosha. Sisi tumehamia Reaper, unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, leseni ya shule ni dola 60, na haielemei kompyuta ya zamani. Wekeni draiva ya Scarlett yenyewe, yaani programu ndogo inayoiunganisha na kompyuta, bila hiyo sauti inachelewa kwenye hedifoni na mtoto anaimba nyuma ya mdundo. Nafasi sio tatizo, sauti mbili za 24-bit kwa 44.1 kHz saa nzima ni karibu GB moja.

Halafu ile sehemu ya kuondoa kelele kwenye programu muwe nayo makini. Kijana wetu mmoja alisikia ule mvumo wa ilimba akadhani ni waya mbovu, akausafisha wote. Ilimba ikabaki kama kijiko kinagonga sahani. Nikamwita bibi yake mmoja wa kutoka Chamwino aje asikilize zote mbili, ile iliyosafishwa akauliza tu, "ilimba iko wapi?" Kijana akarudisha mvumo mwenyewe siku hiyohiyo, na sasa ndo yeye anawakataza wenzake.

Saundi kadi ilitutoka laki tano na ushee. Vumbi la Juni mpaka Agosti ndo adui yake mkubwa, yetu inalala kwenye hotipoti ya zamani yenye mfuniko, na mpaka leo vitufe havijaanza kukwaruza.