Spana ya toki kwa gurudumu la nyuma: uzoefu wangu baada ya kufungua mara nne

Nilinunua spana ya toki, yaani ile inayopima nguvu unayotumia kukaza nati, kwa sababu ya pancha moja. Siku chache kabla ya safari, fundi alinibadilishia tairi la nyuma na kuikaza nati ya ekseli kwa mashine ya upepo. Tairi lilipochanika njiani, mahali plagi isingeweza kuziba, spana iliyokuja na pikipiki ilipinda mkononi na nati haikusogea hata kidogo. Pikipiki ilirudi juu ya gari la mizigo.

Niliyochagua ni ile inayolia "tak" ukifikia kipimo, ya soketi za nusu inchi, kuanzia Nm 40 hadi 200 (Nm ni nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Pikipiki yangu ni ya safari ndefu, ya shafti, yaani gurudumu la nyuma linazungushwa na mhimili wa chuma badala ya mnyororo. Kitabu chake kinataka Nm 110 kwenye nati ya ekseli, na mara ya kwanza nilipofikisha kipimo hicho nilishtuka jinsi kilivyo kidogo. Kumbe miaka yote nilikuwa nazidisha, na nikiona ndiyo usalama.

Kulitoa gurudumu si kazi kubwa. Naiweka pikipiki kwenye stendi ya kati juu ya ubao, ili tairi lipate nafasi ya kupita chini ya madigadi, kisha nafungua kalipa, kifaa kinachobana pedi za breki, na kuifunga kwa kamba isining'inie kwenye mpira wa breki. Hapo spana ya toki inakaa sandukuni. Kulegeza ni kazi ya mpini mrefu wa kawaida, maana kutumia chombo cha kupimia kufungulia nati iliyokwama ni kuharibu kipimo chake.

Kurudisha ndiko kunakotaka utulivu. Nakaa chini, nalinyanyua gurudumu kwa miguu huku mikono ikishika bushi za pembeni zisidondoke, nalizungusha taratibu mpaka meno ya shafti yaingiane. Meno hayo nayapaka grisi nyeusi ya molibdenamu. Yakikaa makavu yanalika, na yakishalika hayarudi. Mwili wa ekseli naupaka grisi nyembamba, lakini nyuzi za nati naziacha safi na kavu, isipokuwa kitabu kiseme vinginevyo. Jambo hili lilinichukua muda kulielewa: sehemu kubwa ya nguvu unayotia huliwa na msuguano. Ukilainisha nyuzi, spana italia pale pale kwenye 110, ila ekseli itakuwa imevutwa kuliko ilivyokusudiwa. Chombo kinapima nguvu ya kuzungusha tu, hakijui ndani kuna nini.

Kasoro zipo. Mpini ni mrefu na unagonga eksozi, kwa hiyo nalazimika kuongeza kiungio kifupi cha soketi kilichonyooka. Boliti ndogo inayobana ekseli inataka Nm 27, chini kabisa ya uwezo wa spana hii, na ilibidi nitafute nyingine ndogo. Hata kwenye 45 mlio wake ni hafifu, na penye kelele unaweza kuupita usijue. Tena namba zimeandikwa kwa vipimo viwili, Nm upande mmoja na futi-pauni upande wa pili. Chunga sana hapo! Ukisoma 110 upande usio wako, umekaza karibu Nm 149. Mimi nimeufunika upande huo kwa utepe.

Nikimaliza nairudisha kwenye namba ya chini kabisa, springi isikae imebanwa. Na kabla sijapanda nakanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwa kuwa pedi huwa zimesukumwa nyuma. Mara ya pili nilikaribia kusahau, nikakumbuka nikiwa tayari nimewasha injini. Tangu hapo naanza na pedali, ndipo nakusanya vifaa.

Kabla ya safari ya mwezi uliopita nilifanya jaribio. Niliifungua nati kwa spana mpya ya mfuko wa safari, nikiongezea kipande cha bomba kwenye mpini. Ilifunguka bila kulazimishwa. Nikaikaza tena 110, nikalifunga bomba lile pamoja na vifaa vingine chini ya kiti.