Uzoefu wangu wa kukagua tovuti za simu kwa zana za Chrome

Ninatengeneza tovuti za wafanyabiashara wa Dodoma, wengi wao wauzaji wa zabibu, mvinyo na mafuta ya alizeti, ambao wateja wao hufungua kurasa kwa simu za bei nafuu na bando la siku. Kwa kazi hii sijapata msaada mkubwa kuliko zana za wasanidi zilizomo ndani ya kivinjari cha Chrome, ambazo hazilipiwi na hufunguka kwenye kompyuta ukibonyeza F12.

Ninachokithamini zaidi ni kichupo cha Network. Huorodhesha kila faili linalopakuliwa, uzito wake na muda wake, na hukuwezesha kupunguza kasi ya mtandao kwa makusudi hadi 3G, ili uuone ukurasa kama anavyouona mnunuzi aliyeko Hombolo na si kama unavyofunguka kwenye ofisi yenye faiba. Kabla ya kupima huwa ninazima kache, kwa kuwa kivinjari kikitumia mafaili kiliyokwisha kuyahifadhi, vipimo havimwakilishi mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza.

Katika ukurasa wa muuza mvinyo mmoja, kichupo hicho kilinionyesha picha ya shamba iliyopigwa kwa simu, yenye pikseli 4000 kwa 3000, ilhali kioo cha simu kinachoionyesha kina upana wa takribani pikseli 360 kwa hesabu ya CSS, lugha ya kupangilia mwonekano wa kurasa. Wengi hutazama uzito wa faili peke yake, lakini picha ikishafunguliwa kila pikseli huchukua baiti 4, hivyo picha hiyo moja huhitaji takribani megabaiti 48 za kumbukumbu, mzigo mkubwa kwa simu ndogo. Niliipunguza hadi 800 kwa 600 katika WebP, muundo wa picha wenye mafaili mepesi, ukubwa unaotosha hata vioo vyenye msongamano maradufu wa pikseli, na hitaji hilo likashuka chini ya megabaiti 2. Kisha niliandika width na height ndani ya img, tagi ya HTML inayoweka picha kwenye ukurasa, ili kivinjari kitenge nafasi mapema na maandishi yasiruke picha inapowasili. Picha za chini nilizipa loading="lazy", ili zipakuliwe tu msomaji anapozikaribia, lakini ile ya juu sikuipa, kwa sababu kuichelewesha huharibu kipimo cha LCP, yaani muda hadi kitu kikubwa zaidi kinachoonekana kwenye kioo kitokee, ambacho Google inashauri kisizidi sekunde 2.5.

Lighthouse, zana ya ukaguzi iliyomo humo humo ndani ya Chrome, inayotoa alama kuanzia 0 hadi 100, ninaipenda hasa kwa kufichua maandishi yenye rangi hafifu na fomu zisizo na lebo. Hata hivyo, siyo sahihi kumuuzia mteja alama yenyewe, kwani hubadilika kulingana na mzigo wa kompyuta na viongezi vya kivinjari. Ndiyo maana huiendesha kwenye dirisha fiche. Aidha, ukaguzi wake wa kawaida haupimi INP, kipimo cha kasi ya ukurasa kuitikia mguso wa mtumiaji kilichochukua nafasi ya kile cha zamani cha FID Machi 2024, kwa kuwa kinahitaji mtu abonyeze kitu. Kwa hilo ninatumia kichupo cha Performance, ninapunguza kasi ya kichakataji mara 4, ninafungua menyu na fomu ya oda, kisha ninatazama kama jibu linakuja ndani ya milisekunde 200.

Kabla ya kukabidhi kazi ninaunganisha simu halisi ya Android kwa waya wa USB na kuikagua kwenye kompyuta kupitia anwani ya chrome://inspect ndani ya Chrome, hatua ambayo ningemsihi kila msanidi asiiruke.